Kinyama kilichukuliwa kabla ya Ramadhani, majibu bado

SWALI

Assalaam aleikum, mwanangu.

Mimi ni mzee wa miaka 66, naishi Muheza, mkoani Tanga. Nilikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge mpaka nilipostaafu. Safu yako nilionyeshwa na mwanangu mdogo kwenye simu, lakini hajui kwamba nakuandikia.

Mwaka jana mkojo ulianza kunisumbua. Naamka usiku mara nyingi, nikifika chooni nasimama muda mrefu, unatoka kidogo kidogo, nikirudi kitandani unanibana tena. Nikaenda hospitali ya wilaya, wakanipima damu ile ya PSA, ikaja 14.2. Daktari akanipima kwa kidole, akasema tezi dume imekua na upande mmoja umekuwa mgumu. Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Huko wakanichukua kinyama cha tezi hiyo cha kwenda kupimwa, kwa njia ya haja kubwa, vipande 12. Wakaniambia majibu ni wiki mbili au tatu, watanipigia.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tumefunga, tumefungua, Idi imepita, simu haijapigwa. Nikipiga mimi, ama haipokelewi, ama naambiwa, "Mzee subiri, yakitoka tutakupigia."

Na mimi sikutulia, niliamua kupima mwenyewe. Siku chache tu baada ya kurudi kutoka Dar nilisikia kuna maabara ya mtu binafsi Tanga mjini wanapima PSA, nikaenda nikalipa. Ikaja 31. Mwanangu, kutoka 14 mpaka 31 kwa muda mfupi vile! Tangu siku ile sijapata usingizi wa maana. Nimejua kitu kimeshatambaa mwilini. Marehemu kaka yangu ndicho kilichomuua. Alikaa na mpira wa mkojo, kisha mifupa ikaanza kumuuma mpaka tukawa tukimgeuza analia. Kila nikisimama chooni usiku namwona yeye.

Kuna na jambo lingine, nalisema kwa aibu. Baada ya kuchukuliwa kinyama niliona manii yangu yana damu, rangi ya kutu. Nikaogopa nisije nikampa mke wangu maradhi, nikahamia chumba cha uani, nikasingizia joto. Yeye hajui habari ya kinyama wala ya PSA. Safari za Dar nilimwambia nafuatilia mafao. Sasa hatuongei vizuri. Juzi kaniuliza kama nimeoa mke mwingine huko ninakokwenda. Sikumjibu.

Yupo kijana ananitumia ujumbe wa dawa ya majani, anasema inamaliza tezi dume kwa siku 21. Bei yake laki moja na nusu. Fedha nimeshaanza kuitenga.

Nakuuliza: kuchelewa huku maana yake wameona jambo baya na wanashindwa kunieleza? Na nitaishije na hili mpaka siku majibu yatakapotoka?

Mzee wa Muheza

JIBU

Waaleikum salaam baba, shikamoo. Pole sana kwa kubeba mzigo huu kimya kimya tangu kabla ya mfungo.

Nianze na ile 31, maana naona ndiyo iliyokutoa usingizini. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, ya mwenye afya na ya mgonjwa vilevile. Sehemu kubwa hubaki ndani ya tezi, kidogo tu ndiyo huingia kwenye damu. Sasa wewe tezi yako ilikuwa imechomwa sindano mara 12. Tezi ikijeruhiwa hivyo PSA humwagika kwenye damu kwa wingi na huchukua wiki kadhaa kushuka. Ndiyo sababu mtu aliyechukuliwa kinyama huambiwa asirudie PSA mpaka zipite angalau wiki sita. Ile maabara ya Tanga ilipima majeraha ya sindano, baba. Namba ile haiwezi kumwambia mtu yeyote, hata daktari bingwa, kwamba ugonjwa umetambaa. Waliokupokea pesa walitakiwa kukuuliza kwanza kama umefanyiwa kipimo chochote karibuni, na inaniudhi kwamba hawakuuliza. Karatasi yao iweke kwenye bahasha na tarehe yake, mpe daktari aione, lakini usiihesabu kama habari.

Ile 14.2 ya kwanza ndiyo ya kuizungumzia, na hapa sitakupaka mafuta. Iko juu. Kiwango ambacho madaktari wengi huanza kuuliza maswali ni 4. Ukiongeza na ule upande mgumu aliouhisi daktari, alikuwa na kila sababu ya kukupa rufaa. Saratani inawezekana. Lakini tezi iliyokua tu kwa umri hupandisha PSA, maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, na wapo wanaume waliofika na PSA kubwa kuliko yako ambao kinyama chao kilirudi hakina saratani. Kati ya mambo hayo, lako ni lipi, kinajua kile kinyama peke yake.

Je, kuchelewa ni dalili kwamba wameona baya? Hapana. Kabla sijaanza kuandika nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, na swali hili niliulizwa na karibu kila mgonjwa aliyekuwa akisubiri majibu. Tazama safari ya vile vipande vyako. Vinalowekwa kwenye fomalini visioze, vinaondolewa maji, vinazamishwa kwenye nta, vinakatwa kwa mashine tabaka nyembamba sana, vinatiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anaketi na darubini kuvisoma kimoja baada ya kingine. Kazi yenyewe ni ya siku chache. Kinachokula wiki ni foleni. Madaktari wa patholojia nchini mwetu ni wachache mno, na kwenye meza zao yanafika matiti ya akina mama, shingo za kizazi, uvimbe wa watoto, kutoka mikoa mingi. Dawa za maabara nazo huisha, mashine huharibika. Wakati mwingine kipande kinaleta utata na daktari anaomba mwenzake akisome, au kipakwe rangi nyingine, na hata hilo halina maana ya ubaya.

Na kuna sababu moja inayoniuma hadi leo. Mara nyingi majibu yameshatoka zamani, karatasi imelala ndani ya faili, kwa kuwa hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumpigia mgonjwa. "Tutakupigia" husemwa kwa nia njema na mtu ambaye wiki ijayo hayupo zamu. Kwa hiyo baba, usikae ukingoje simu. Yafuate. Kuyafuata majibu yako si kumsumbua mtu wala si utovu wa adabu, ni haki yako.

Ila badilisha namna ya kuuliza. Ukiuliza "majibu yametoka?", jibu rahisi ni "subiri". Uliza sampuli yangu ilipokelewa maabara tarehe ngapi, na namba yake ya maabara ni ipi. Uliza kama imeshasomwa. Kama imesomwa, karatasi iko wapi na iko kwa nani. Mtu wa mapokezi hawezi kujibu haya kichwani, itabidi afungue daftari au kompyuta, na hapo ndipo mambo huanza kusogea. Kabla ya kupiga andaa namba yako ya faili, tarehe uliyochukuliwa kinyama na jina la daktari aliyekichukua. Omba uunganishwe na maabara ya patholojia yenyewe badala ya kuishia mapokezi. Halafu nenda kwa yule daktari wa wilaya aliyekupa rufaa, mwombe apige yeye. Simu ya daktari kwa daktari hupokelewa haraka kuliko yangu na yako.

Wiki moja ikipita bila jibu la maana, panda basi uende mwenyewe, ufike asubuhi, uwaone maafisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wapo kwa kazi ya namna hii, na watu wengi hawajui hata mlango wao ulipo. Ikitokea wakasema sampuli haionekani, najua itauma, lakini ni heri ujue sasa kipimo kirudiwe kuliko kukaa miezi ukisubiri kitu ambacho hakipo.

Najua unachowaza: wakati mimi nahangaika na simu, ugonjwa unakimbia. Saratani nyingi za tezi dume hukua taratibu. Hata mgonjwa ambaye imeshathibitika anayo na ameamua kufanyiwa upasuaji, wapasuaji kwa kawaida husubiri wiki sita hadi nane baada ya kinyama ili tezi ipone kwanza. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao iligunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine walipigwa mionzi, wengine waliangaliwa tu kwa karibu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban watatu katika kila mia, na tofauti kati ya makundi hayo matatu ilikuwa ndogo. Sikuambii kwamba wewe ni mmoja wao. Wao waligunduliwa mapema na wewe hatujui. Nakuambia ili ujue kwamba kwa wanaume wengi, wiki hizi za kusubiri sizo zinazoamua. Askofu Desmond Tutu aliambiwa ana saratani ya tezi dume mwaka 1997, akaishi mpaka Desemba 2021, akiwa na miaka 90. Mzee Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi miaka 12 zaidi.

Kuhusu marehemu kaka yako, Mungu amrehemu. Kwa unavyoeleza, alifika hospitali mkojo umeziba na ugonjwa uko mifupani. Wewe umekwenda kwa miguu yako ulipoona tu mkojo haukai sawa. Hata kama jibu lako litakuwa saratani, hakuna aliyeandika kwamba lazima ipite njia ile ile.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri karatasi yoyote. Mkojo ukiziba kabisa, ukapata homa na kutetemeka, au ukapata maumivu makali mapya ya mgongo, miguu ikawa mizito, ikafa ganzi au ikashindwa kukubeba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Ukifika waambie unasubiri majibu ya kinyama cha tezi dume.

Sasa naomba nizungumze kama muuguzi, uniwie radhi. Ile damu kwenye manii ni ya majeraha ya sindano. Inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, mwanzo nyekundu, baadaye rangi ya kutu, kisha inakwisha yenyewe. Ulitakiwa kuambiwa hili kabla hujatoka kwenye chumba cha kipimo. Saratani ya tezi dume haiambukizi. Haiendi kwa mke kwa tendo la ndoa, wala kwa shuka, wala kwa choo. Rudi chumbani kwako, baba. Rudi leo.

Na ukirudi, mwambie. Najua kwa nini ulinyamaza, wanaume niliowauguza wengi walinyamaza hivyo hivyo. Walitaka kwanza wajue wenyewe ndipo wamweleze mama kitu cha uhakika. Lakini angalia kimya kimemfikisha wapi. Anaamini una mke mwingine. Yeye pia anasubiri jibu, na la kwake unalo wewe. Anza na hilo hilo alilokuuliza: mwambie sijaoa. Kisha mwambie ulikwenda Dar hospitali, mwonyeshe ile karatasi ya rufaa, mwambie ulihama chumba kwa sababu ya hofu na kwamba hofu ile haikuwa ya kweli. Huna haja ya maneno mazuri. Atalia, pengine atakasirika kwa kufichwa, mwache akasirike. Aliyemuuguza shemeji yake mpaka mwisho anaijua tezi dume kuliko unavyodhani.

Nasisitiza hili kwa sababu niliyoyaona wodini. Katika kusubiri, waliolala usiku hawakuwa wale jasiri. Walikuwa wale waliokuwa na mtu mmoja anayejua kila kitu, ambaye saa nane za usiku wanaweza kumwambia "naogopa" bila kuanza kueleza tangu mwanzo.

Usiku wako una tatizo la pili ambalo linatibika sasa hivi. Unaamshwa na mkojo, ukishaamka mawazo yanakukamata. Watu wengi hudhani shida ya mkojo lazima ingoje majibu ya kinyama, na si kweli. Mwambie daktari wa wilaya unavyoamka. Zipo dawa kama tamsulosini zinazolegeza njia ya mkojo, na hazichezei PSA. Zinaweza kukutia kizunguzungu ukisimama ghafla, kwa hiyo lazima akupime presha kwanza na ajue dawa nyingine unazotumia. Akikuandikia finasteridi, mkumbushe kwamba unafuatiliwa PSA, maana dawa hiyo huishusha karibu nusu baada ya miezi kadhaa na namba inaweza kuwadanganya. Nyumbani, baada ya Isha punguza maji, na chai ya rangi iache iwe ya mchana. Ukiamka na usingizi ukakataa, usibaki umelala chali ukipiga hesabu za 14 na 31. Inuka, kaa, soma, swali rakaa mbili kama ndiyo desturi yako, ukisikia macho mazito urudi. Simu iache chumba kingine. Saa nane za usiku kwenye simu hakuna mtu anayekutakia mema, kuna wauzaji.

Kwa hiyo huyo kijana na siku zake 21, usimpe hata shilingi. Hajakupima, hajui kama una saratani au tezi imekua tu, na tayari ana dawa. Unga usiojulikana ndani yake kuna nini unaweza kukuharibia figo, unaweza kuvuruga vipimo vyako, na siku ya majibu daktari atakuwa anasoma mwili uliochezewa. Hiyo laki na nusu ni nauli yako na ya mama kwenda Dar na kurudi, na ya kula njiani.

Mchana, jipangie siku moja katika wiki ya kufuatilia majibu. Siku hiyo piga simu zote, andika kwenye daftari umeongea na nani na amesema nini. Siku nyingine hospitali usiishughulikie. Hofu haitaondoka kwa hilo, sitakuahidi uongo, lakini haitakushika kila saa simu inapolia. Ufundi wako nao usiulaze. Mtu akikuletea pampu ya maji imekataa, ifungue.

Siku ya majibu usiende peke yako. Nenda na mama, yeye awe ndiye anayeandika, kwa kuwa mtu akisikia neno saratani masikio huziba na yote yanayofuata hupotea. Omba nakala ya karatasi. Ikiwa saratani haipo, uliza PSA irudiwe lini, na kama kuna sababu ya kuchukua kinyama tena, kwa sababu sindano inaweza kukosa mahali penyewe. Ikiwa ipo, uliza Gleason ni ngapi. Hicho ndicho kipimo cha ukali wake: 6 ni ya upole, na mara nyingi huangaliwa tu kwa karibu bila kukatwa wala kuchomwa, 7 iko katikati, 8 mpaka 10 ni kali na inataka kushughulikiwa mapema. Uliza kama imetoka nje ya tezi na itajulikanaje. Uliza matibabu yapo yapi kwa hali yako, kama ni upasuaji, dawa za homoni au mionzi, ambayo hapa nchini hutolewa kwenye hospitali kama Ocean Road palepale Dar na Bugando kule Mwanza. Na uliza, mbele ya mama, kila tiba itaufanya nini mkojo wako na nguvu zako za kiume. Uliza kabla ya kusaini chochote. Hakuna daktari mzuri atakayekucheka.

Imebaki habari ya vijana wako. Kaka yako alikufa kwa saratani hii, na mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliipata, hatari yake huwa takriban maradufu. Hilo linakuhusu wewe tayari, na likithibitika kwako litawahusu wanao moja kwa moja. Watoto wa marehemu nao ni hivyo hivyo. Wakifika miaka 40 hadi 45 wazungumze na daktari juu ya kupima PSA, bila kungoja mkojo usumbue. Waambie wewe mwenyewe, baada ya kumwambia mama yao.